Samaki Wangu Wanaogopa Nini

Jumatatu, 3 Juni 1996
Ukungu hapa Kiptere mpaka saa nne. Nimegonga debe kuwaita samaki waje kula pumba. Hakuna aliyetokea. Hata mmoja! Kwa kawaida wanarukiana kama watoto wa shule saa ya chakula. Leo bwawa limenyamaza kama nyumba iliyohamwa.

Na Jumamosi ni harambee ya paa la kanisa. Rodah, mke wangu, ameshawatangazia akina mama kwamba samaki watatoka kwetu, sio kwa Okeyo. Huyu Okeyo ni fundi wa mashine katika kiwanda cha chai. Alitoka kule ziwani, basi kila mtu anaamini alizaliwa akijua samaki. Bwawa lake liko chini ya langu, kijito hichohicho. Jumamosi wataona!

Nimepitisha wavu, nikapata mmoja. Nikampasua, nikatupa matumbo na ngozi majini ili wenzake wapate hamu ya kula. Akili hiyo.

Jumanne, 4 Juni
Mbaya zaidi. Nimewaona. Wote wamejibana kwenye pembe moja, ubavu kwa ubavu, vichwa vyote vimeelekea matete. Hawali. Mapezi tu yanatetemeka. Nami nikatazama matete. Hakuna kitu. Vyura kimya. Ng'ombe wangu akaja kunywa, akanusa maji, akageuka. Nikajikuta narudi kinyumenyume mpaka katikati ya majani chai.

Ni Okeyo. Ametia dawa! Nimeenda kuchungulia kwake: samaki wanacheza. Kivuli changu kilipogusa maji, wakatoweka wote kwa mara moja. Samaki wenye dhamiri safi wangetoroka hivyo?

Jumatano, 5 Juni
Nimeamua kumvizia. Mchana nimeingia bwawani, ndani ya matete, maji mpaka kidevuni, majani kichwani. Baridi ya kuua. Nikatulia.

Samaki wakaanza kuja. Polepole. Wakajibana kwangu, mgongoni, kwapani, wengine mpaka ndani ya kaptura. Nilifurahi sana. Wamemtambua bwana wao! Kisha nikahisi wanatetemeka. Ghafla wakageuka wote pamoja, kama mlango, wakajificha nyuma yangu.

Sikuona kitu. Lakini maji yalinisukuma tumboni, na kitu kirefu, laini, kikapita katikati ya miguu yangu. Bila haraka.

Okeyo hawezi kuogelea hivyo.

Nimefika nyumbani bila kaptura. Rodah alikuwa na wageni wa kanisa.

Alhamisi, 6 Juni
Okeyo amekuja na mke wake, Mwalimu Beldina, anayefundisha sayansi. Habari za kaptura zimefika mbali. Beldina alichuchumaa kando ya matete, akanionyesha nyayo kwenye matope. Vidole vyenye ngozi katikati. Fisi maji, akasema, mnyama wa mtoni anayekula samaki. Akaeleza kwamba ngozi ya samaki ikichanika, harufu inaenea majini na wenzake wanajificha. Tena ubavuni wana mstari unaosikia maji yakisukumwa, hata kukiwa giza.

“Wamekuwa wakikuambia tangu Jumatatu, Bwana Aron,” akasema. “Na wewe unawatupia harufu ya kifo.”

Tukiwa tumesimama pale, matete yakatikisika upande wa pili. Hakukuwa na upepo. Tukahamia nyumbani kumalizia mazungumzo.

Okeyo alisema pole, jirani, nichukue samaki kwake bure, tuseme kanisani ni wetu sote. Wetu! Nimekataa kwa adabu. Nina mpango.

Ijumaa, 7 Juni
Mpango: fisi maji ahamie kwa Okeyo. Asubuhi nimefunga samaki aliyepasuliwa kwenye kamba, kamba kiunoni ili mikono iwe huru, nikamburuta kijitoni kuelekea chini. Visamaki vya kijito vilitawanyika mbele yangu kama nimebeba moto.

Baadaye nikagundua hakuna ndege anayelia. Nikatazama nyuma. Maji yamevimba, mstari mmoja, unanifuata. Nikasimama. Ukasimama. Nikatembea. Ukaja. Nikakimbia! Kamba ikavutwa kwa nyuma, mara moja, taratibu, kama mtu anayekuita kwa kukuvuta shati.

Sikumbuki nilivyoruka ua wa Okeyo. Nakumbuka bwawa lake, na mimi ndani, na yule samaki aliyepasuliwa shingoni mwangu.

Okeyo alinitoa kwa mti mrefu. Alikuwa anatazama maji yake. Samaki wake wote wamezama matopeni, na upande wa juu, mahali kijito kinapoingia, mstari ule ulikuwa umesimama, unangoja.

“Aron,” akasema kwa sauti ya chini sana. “Sasa umeniletea hata mimi?”

Leo hata usingizi wa mchana haukuja.

Jumamosi, 8 Juni
Tumekula maharagwe. Mke wa pasta ameomba kwa ajili ya “wale wanaoahidi.” Rodah hasemi na mimi. Okeyo, ambaye alikuwa na haki ya kunipiga, alikuja kukaa kando yangu. Alisema wiki ijayo tuzungushie mabwawa yote mawili waya, yeye na mimi. Nikakubali.

Jumapili, 9 Juni
Waya! Ya nini? Baada ya ibada nimeongea na mgeni kutoka Sotik. Binamu yake anakaa karibu na mto mkubwa, anaweza kunipatia mamba. Mdogo tu. Fisi maji akimwona, kwaheri. Na Okeyo hana mamba! Nimemwambia alete haraka.

Rodah ameongea kwa mara ya kwanza tangu jana. Ameuliza huyo mamba atakuwa anakula nini.

Hilo tutaliona akishafika.