Kura ya Albamu Bora ya Mzee Waisiko

Jumanne, 7 Julai

Leo kimezaliwa Chama cha Wapenzi wa Kanda za Mwanzo za Mzee Waisiko. Makao makuu: baraza la dada yangu Mwajuma, nyuma ya stendi ya Mugumu, yeye anauza chakula, mimi natengeneza simu. Mwenyekiti: mimi, Faridu. Katibu: mimi. Mwanachama wa kawaida: Mogesi wa bodaboda. Bado sijamwambia.

Chanzo ni Dullah. Huyu ana kibanda cha kurusha nyimbo kwenye simu, tunatazamana naye, na anajiona ndiye baba wa muziki wote wa Serengeti. Asubuhi nimempelekea kanda ya kwanza ya Waisiko, "Vumbi la Nyansurura". Nimeihamisha mwenyewe kwenye flashi, kwa redio mbovu na waya wa chaja. Hakuna aliyenifundisha. Dullah kasikiliza kidogo, kavua spika za masikioni, kasema huyu mzee alikuwa na mafua.

Mafua!

Ile ni bluzi, bwana. Kinanda cha mdomo, pumzi ya mtu mmoja, mguu unagonga chini, basi. Wengine wote hupuliza. Waisiko anavuta. Anaivuta sauti ndani mpaka inapinda, kama ng'ombe anayemwita ndama ng'ambo ya mto. Kwenye wimbo wa pili kuna mbwa anabweka na hawakumfuta, na mbwa mwenyewe yuko kwenye mdundo. Kanda ya pili, "Mmoja Hayupo", kuna pahala mzee anakohoa, halafu anaendelea kwa sauti ile ile ya kikohozi. Nani mwingine anaweza? Baadaye ndiyo wakamletea kinanda cha umeme na mwangwi, akawa mtu wa harusi. Hizo za harusi ndizo anazorusha Dullah.

Nimemwambia watu waamue. Tupige kura, kanda za mwanzo dhidi ya za harusi. Kacheka. Kasema nikipata watu wa kujaza benchi moja, atapiga kanda zangu kwenye spika yake kubwa kila asubuhi.

Amekwisha huyu.

Alhamisi, 9 Julai

Nyansurura! Mogesi kanipeleka na bodaboda yake. Njiani nikamweleza kuwa yeye ni mwanachama. Kasema "hakuna tabu, Mwenyekiti, mimi napenda vyama".

Tumemkuta Mzee Waisiko anapulizia ng'ombe dawa ya kupe. Nikampa shikamoo, nikamwambia mimi ni mpenzi wake mkubwa kuliko wote. Kaniuliza nadai nini. Nikamwimbia kipande cha "Mmoja Hayupo", mpaka na kikohozi. Hapo kaweka bomba chini.

Kinanda bado anacho. Kipo ghalani, juu ya mahindi, ndani ya soksi. Hajakigusa muda mrefu. Mara ya mwisho ilikuwa harusini, bwana harusi akamwomba apumzike kidogo ili kinanda cha umeme kisikike. Akapumzika mpaka leo. Juzi jirani kaja kukiomba amchezeshee mtoto, na mzee yuko tayari kukitoa.

Nikaruka. Nikamwomba asikitoe! Aje Mugumu Jumamosi ya wiki ijayo, aone mwenyewe watu wanavyomtaka. Kafikiri mpaka dawa ikamkaukia mkononi. Kisha kasema:

"Sawa. Nikiona watu, nitapuriza. Nikiona viti vitupu, kijana, kinanda naenda kumpa yule mtoto, na wewe usirudi tena hapa."

Kwa hiyo ni hivyo. Watu wakija, bluzi inaishi. Wasipokuja, mtoto wa jirani anapata kitu cha kutafuna.

Sina wasiwasi hata kidogo. Nimelala vibaya mchana, lakini si kwa ajili hiyo.

Jumamosi, 11 Julai

Tangazo tayari. Nimeliandika mwenyewe, na lina ladha:

"Jumamosi ijayo! Nyuma ya stendi, kwa Mwajuma! Kura ya albamu bora ya Mzee Waisiko! Kura ni bure! Kila mtu na kura yake! Watoto hawana kura!"

Mogesi ndiye mtangazaji. Tumefunga spika kwenye pikipiki. Ana sauti nzito, akisema neno hata ng'ombe wanageuka. Ameanzia njia ya Manchira.

Saa sita karudi anatoka jasho. Kuna mama kamsimamisha njiani akamtukana. Kamwuliza watoto wamekosa nini? Ni roho gani hii, watu wazima wapate, watoto waangalie tu? Wamama wengine wakamzunguka, mmoja ana mwiko.

Nimeguswa sana. Sikujua watu wa Manchira wana uelewa mkubwa hivi wa haki za mtoto. Nimebadilisha tangazo palepale. "Watoto nao kura!" Mogesi anasema alipopita mara ya pili walimpigia vigelegele.

Dullah kaniuliza kelele hizi za nini. Nikamwambia demokrasia.

Jumatano, 15 Julai

Moto umewaka! Mji mzima unaongelea kura.

Mama mmoja kanipigia kuuliza kura inaanza saa ngapi, maana siku hiyo hataki kupika nyumbani. Umeona? Mtu anaacha kupika kwa ajili ya muziki! Babu mmoja kutoka Nyansurura kaja mwenyewe kwa miguu, kauliza kama anaweza kubeba kura ya mkewe ampelekee nyumbani, mama hajiwezi, anaumwa mgongo. Nikamweleza taratibu kwamba hapana, kura ya mtu haibebwi. Kainama, kaondoka pole pole. Roho ikaniuma. Nikamkimbilia nikamwambia sawa babu, utambebea. Kanibariki kwa Kikurya, na mkono kichwani.

Kijana mwingine kataka kujua kama mtu anaweza kurudia kura. Nikamkatalia kabisa! Wizi huo. Kasema basi ijazwe vizuri mara moja. Nikamwahidi karatasi zitajazwa vizuri.

Dullah jasho linamtoka. Leo kaja kwa upole, kaomba na za harusi zitangazwe. Nikamkubalia. Mshindi hana kinyongo.

Mwajuma kauliza nagombea nini. Yeye kakaa wiki nzima Musoma, dada yetu mkubwa kajifungua, kwa hiyo hajui ukubwa wangu. Nikamwambia ataona. Kasema Jumamosi atapika sufuria yake ya kawaida tu ya makande, kwa wateja wake wa stendi, na nisimjazie watu barazani.

Kumjazia watu! Dada, hiyo ndiyo kazi yangu.

Jumamosi, 18 Julai

Naandika nikihema. Kwa furaha. Na kwa kukimbia.

Walikuja. Sijui niseme walikuja vipi. Walitoka Manchira, walitoka Nyansurura, wamepanda trekta. Benchi la Dullah lilijaa kabla sijamaliza kunywa chai. Nikaona kila mtu ana sahani. Wengine wana bakuli, mama mmoja ana beseni. Nikajua watazipiga kama ngoma. Mashabiki wa kweli huja na vyombo vyao.

Mzee Waisiko kashuka kwenye pikipiki ya Mogesi amevaa koti. Kawaona. Kavua kofia. Alikuwa akikipapasa kinanda mfukoni, kama mtu anayehakikisha funguo zipo.

Nikapanda juu ya kreti. Nikasema: ndugu zangu, tuanze kura!

Shangwe ile! Kuku walipanda juu ya bati.

Nikauliza nani anataka ya kwanza. Mikono yote juu. Nikamtazama Dullah. Nikauliza nani anataka ya pili. Mikono yote juu! Dullah kachanganyikiwa, kapiga kelele, na zile za harusi je? Mikono yote, na za watoto, na beseni. Jamaa mmoja nyuma akasema yeye anataka zote, ila asiwekewe pilipili.

Pilipili?

Hapo Mwajuma akanivuta sikio mpaka jikoni.

"Faridu, mdogo wangu, umewaambia nini hawa watu?"

"Kura, dada."

"Kwa mdomo wa nani?"

"Wa Mogesi."

Akafumba macho. "Wewe umezaliwa hapa hapa Mugumu! Hujui Mkurya akisema kura anataka wali? Ukimtangazia kura bure, ananawa mikono!"

Nikachungulia. Walikuwa wamenawa mikono. Wote. Wameinyoosha mbele, inachuruzika maji.

Na sufuria ni moja, makande ya wateja wa stendi.

Nikafikiri haraka, ndicho kipaji changu. Nikisema ukweli, wanaondoka, mzee anaona viti vitupu, kinanda kinaenda kutafunwa. Nisiposema, wananila mimi. Nikarudi juu ya kreti nikatangaza kwamba ya kwanza inaandaliwa, na wakati tunasubiri, Mzee Waisiko!

Akatoa ile soksi. Akakitoa kinanda. Akaanza "Mmoja Hayupo".

Mwanzoni walinung'unika. Nilisikia mtu anauliza nyama ni ya nini. Mzee akavuta ile sauti ya ng'ombe anayeita, ndefu, inapinda, na kunung'unika kukapungua. Akavuta tena. Ng'ombe wa kweli, amefungwa kwenye nguzo kule kwa mchinjaji, akaitikia! Watu wakacheka, halafu wakanyamaza kabisa. Pale penye kikohozi akakohoa, kikohozi cha kweli, cha sasa, akaunganisha. Yule babu mwenye mke mgonjwa alikuwa ameweka sahani chini na anaitazama. Nasema siku zote, bluzi inataka tumbo tupu. Sijawahi kuona matumbo matupu yakisikiliza hivi.

Mzee akamaliza. Akafuta mdomo, akauliza taratibu mbona kila mtu ana sahani.

Mtoto mmoja akasema, "Babu, si tumekuja kura."

Mzee akanigeukia. Yeye ni Mkurya. Yeye hakuhitaji Mwajuma amfafanulie. Akaanza kukirudisha kinanda kwenye soksi. Pole pole. Nikashuka kwenye kreti mwenyewe. Mimi!

Ndipo babu mwenye mke mgonjwa akasimama. Akasema kwa hasira ni kweli walikuja kula, na wamedanganywa, na kijana huyu wa simu atachapwa, hilo halina mjadala. Lakini lile la ng'ombe lirudiwe kwanza. Kwao aliwahi kupotea mmoja.

Wengine wakasema ndiyo, lirudiwe, kuchapa baadaye.

Mzee akasimama na soksi mkononi. Akakitoa tena. Akarudia, na akaongeza kipande ambacho hakipo hata kwenye kanda! Mwajuma akagawa makande, kila mtu kijiko, huku ananitazama mimi kila kijiko. Makande ya yule mama mgonjwa yalifungwa kwenye jani la mgomba.

Nilipoona nyimbo zinaelekea kuisha nikaanza kukimbia. Nimefika mbali. Kwenye kona ya msikiti nikamsikia Mzee Waisiko kwa mbali akimwambia Mogesi kinanda hakiendi popote, kinarudi naye nyumbani. Na akamtuma aniambie safari nyingine nipike.

Matokeo rasmi: kanda ya kwanza, kura zote. Ya pili, kura zote. Za harusi pia kura zote, lakini hizo zina kasoro, watu walikuwa na njaa.

Jumatatu, 20 Julai

Dullah ni mwizi. Siku ile alirekodi kila kitu kwa simu, na leo kaamka anapiga "Mmoja Hayupo" kwenye spika kubwa, na mbele kasema kwa sauti yake mwenyewe: muziki huu umeletwa kwenu na Dullah, mgunduzi wa Waisiko. Mgunduzi! Aliyesema mafua!

Kwa upande mwingine, ametimiza ahadi. Kanda za mwanzo zinapigwa kila asubuhi. Nimekaa barazani nikasikiliza mpaka mteja akachukua simu yake akaenda kwa fundi mwingine.

Mwajuma hajazungumza nami. Ananipa chai bila sukari.

Nimekaa nikajichunguza kama mwenyekiti. Kosa lilikuwa moja tu: neno "kura". Limefutwa. Chama hakitalitumia tena kamwe. Mtu mwenye akili hubadilika.

Jumapili, 26 Julai

Tunapanua chama. Tarime! Kemambo! Mogesi ana mjomba kule, naye kanipa namba ya Mzee Heche, mwenye boma kubwa, kiwanja kinatosha watu wote. Sikutaka kumsumbua na maelezo mengi. Mogesi ametangulia na spika.

Tangazo jipya ni fupi, safi, halina kura wala chakula. Nimelisoma mara nyingi kutafuta hatari. Hakuna:

"Faridu wa Mugumu anatangaza! Mahali ni kwa Mzee Heche, Jumamosi! Mahali hapana ubishi! Njooni mshuhudie!"

Jioni Mogesi kaleta ujumbe: "Mwenyekiti nimetangaza mahari yote kama urivyoandika watu wamefurahi sana." Kuandika hajui vizuri, ila sauti anayo.

Na sasa hivi kanipigia Mzee Heche mwenyewe! Nikampa shikamoo. Sauti imejaa furaha. Kaniuliza moja kwa moja: ng'ombe wangapi?

Nikashangaa ukarimu huu. Mugumu sufuria moja ya makande, huku mtu anauliza ng'ombe wangapi! Sikutaka kuonekana mlafi. Nikamwambia Mzee, idadi naiacha kwako, wewe taja, mimi sipunguzi hata mmoja.

Kisha kasema hajawahi kukutana na kijana wa aina hii maishani mwake. Kaniambia binti yake Gati naye amekubali, na tangu mchana anaimba.

Sikujua Gati anapenda bluzi.

Kasema nije na wazee wangu. Nimemwahidi tunakuja wote, na Mzee Waisiko atapiga mpaka asubuhi.