Viti Ishirini na Viwili vya Kiwanda cha Taifa

Jumatatu, 4 Machi
Siku kubwa! Nimekigundua kipaji changu, nikiwa na miaka arobaini na tisa. Kinyozi wangu ana gazeti lenye picha ya kiti cha nchi fulani ya baridi, kimewekwa peke yake katika chumba cheupe, watu wamekizunguka kimya. Nikashtuka mpaka povu likaniingia jichoni. Tunavyo! Vipo ishirini na viwili katika stoo ya halmashauri ninayoitunza, vya kiwanda cha samani cha taifa, miaka ya sitini. Tena vyetu vizuri zaidi. Mgongo ni ubao mmoja uliopindwa, kikalio ni kamba ya katani, msumari hata mmoja hakuna. Miaka kumi na moja navikalia bila kuvitazama. Sasa basi! Nimekuwa mtaalamu.

Jumanne, 5 Machi
Pigo. Karani wa masjala, tunayemwita Bwana Muhuri kwa kuwa hugonga muhuri hata bahasha tupu, kaleta barua. Viti vyangu vipasuliwe kuni Ijumaa, vya plastiki vinakuja. Nikamwambia haoni uzuri. Akajibu kwamba anaona vumbi. Nimemwandikia mkurugenzi kurasa nne kwamba viti hivi vilibuniwa na profesa mgeni, bingwa wa dunia. Sina hakika kama aliwahi kuwepo. Lakini wakubwa wakisikia mgeni hukaa wima.

Jumatano, 6 Machi
Mkurugenzi atakuja kukagua Ijumaa asubuhi! Nimebeba kiti kimoja hadi nyumbani nikakipige msasa na vanishi. Chini yake kulikuwa na uchafu, herufi mbili na namba zilizochomwa kwa moto. Nimesugua saa nzima hadi zikatoka. Kinang'aa kama gari la bwana harusi. Mke wangu kaniuliza kama nimemwomba mtu ushauri. Ushauri wa nini?

Alhamisi, 7 Machi
Mama mkwe kaja kututembelea. Nikamwamkia, nikamkalisha, nikamsomesha habari za profesa. Alinisikiliza kwa adabu. Kisha akainuka, akakipindua kiti, akapapasa chini, akauliza alama iko wapi. Nikasema kwa fahari kwamba nimeifuta.

Mke wangu akakimbilia jikoni.

"Mwanangu," mama mkwe akasema taratibu, "ile alama ilikuwa yangu."

Nilitamani ardhi inimeze. Kumbe alifanya kazi kiwandani miaka tisa, akipinda migongo ya viti kwa mvuke! Profesa hakuna. Walikuwa mafundi saba. Mmoja wao, shoga yake, alikuwa akiumwa kiuno, hawezi kukaa. Wakamlaza juu ya mchanga mbichi, wakapima alama ya mgongo wake, wakachora kwa chaki sakafuni. Ndiyo ramani yote. Nikamuuliza kwa nini hakunieleza siku zote hizi. Akasema alianza kunieleza siku ya kwanza nilipofika kwao, nikamkatiza.

Ijumaa, 8 Machi
Nimempeleka mama mkwe ofisini. Mpango: akae pembeni, aitikie kwa kichwa kila ninaposema. Bwana Muhuri alikwisha kufika na shoka! Mkurugenzi akauliza jina la profesa. Nikakohoa. Nikakohoa tena.

Mama mkwe akanisogeza kwa kiwiko, akaanza kupindua viti kimoja kimoja. Alama ishirini na moja, zote anazisoma. Hiki cha fulani aliyekuwa akiimba. Hiki cha fulani aliyetumia mkono wa kushoto. Cha nane hakukitaja. Alikikalia tu, akaegemeza mgongo, akafumba macho. Kilikuwa cha shoga yake, marehemu sasa.

Mkurugenzi naye akavuta kiti akakaa, nikaona mabega yake yakishuka kama mtu aliyetua mzigo. Akasema hakuna wa kuvigusa. Viende chumba cha kusomea cha maktaba, na majina ya mafundi wote saba yaandikwe ukutani. Bwana Muhuri kalificha shoka nyuma ya mlango na kuomba kazi ya kuandika majina. Ana mwandiko mzuri, mshenzi yule!

Jumapili, 10 Machi
Mama mkwe kaomba jiko la mkaa na msumari mrefu. Kaupasha hadi ukawa mwekundu, kaandika upya herufi zake chini ya kile kiti nilichokiharibu. Nimeshika kiti, moshi machoni. Nilisema ni moshi.

Jumatano, 13 Machi
Maktaba imejaa! Wazee wamekuja kutafuta alama za ndugu zao, wanafunzi wanakaa na hawataki kuinuka. Wote wamemzunguka mama mkwe. Mimi hakuna aliyeniuliza kitu, hadi mkutubi aliponijia kwa heshima. Alitaka kujua kama nafahamu pia taa za mezani za enzi zile. Nikamwambia nimezitafiti miaka ishirini, na zote ni kazi ya injinia mmoja mgeni. Kafurahi sana. Nitatoa mhadhara Jumamosi.

Kesho niulize taa hizo zikoje.