Debe la Wapinga Kodi

Kitu cha kwanza alichokiona Marnie kilikuwa soli. Mgeni alisimama mlangoni mwa mgahawa akajipangusa viatu kwenye mkeka kwa bidii, kama mtu aliyetoka kukamua ng'ombe. Lakini ilikuwa Agosti, nje ni vumbi tupu, na soli zake zilikuwa bado za njano kama zimetoka dukani asubuhi ile. Marnie akammiminia kahawa, akanyamaza. Kunyamaza ndiyo kazi aliyoijua kuliko hata ya kumimina kahawa.

"Dwight Pomeroy," mgeni akaiambia meza nzima ya wazee. "Mkulima kama nyinyi, natoka kaunti ya pili. Nilikuwa na shamba. Serikali ikaja na ramani."

Hakuwa na haja ya kuongeza neno. Wazee walisogeza viti.

Kiangazi kile kaunti ilikuwa imeleta mpango wake wa ardhi na maji. Kodi mpya ingetozwa, na mtu asingechimba wala kujenga karibu na kinamasi bila kibali. Mji mzima wa Elder Fork uliapa kuupinga, ukaunda chama. Orville Brandvold, muuza chakula cha mifugo, alikuwa ameweka debe kuukuu la maziwa hapo kaunta, akalipiga kufuli, na kila Jumamosi baada ya mnada wa ng'ombe watu walitumbukiza humo mchango wa wakili. Watu ambao kodi iliwatoa machozi walichanga wakicheka. Kuchanga hakukuwa kodi. Kulikuwa uhuru, na uhuru ulikuwa umefika karibu na mdomo wa debe.

Dwight alilitazama lile debe kama mtu mwenye njaa anavyotazama pai ya tufaha.

Jioni hiyo alisimama kwenye ukumbi wa wazima moto, kofia mkononi.

"Serikali ni nini, ndugu zangu?" aliuliza polepole. "Ni mtu anayeendelea kushika pesa zako baada ya kazi kwisha."

Ukumbi ukalipuka makofi. Kina mama wakatafuta leso. Kabla wiki haijaisha maneno yale yalikuwa yamechorwa kwenye ubao mkubwa kando ya barabara, kwa rangi nyekundu.

"Mzee Orville," Dwight akasema kwa huruma baada ya hotuba, "debe lile linakuzeesha. Ufunguo nipe mimi. Wewe pumzika."

"Ningekupa sasa hivi, bwana," Orville akajibu. "Lakini hapa asiye na ardhi hashiki ufunguo. Hata mchungaji tulimnyima. Anakaa nyumba ya kanisa."

Nyuma yao, Bibi Ardis Tollefson aliacha kufuma soksi. Huyu ndiye bibi aliyemlea Marnie. Kodi ya ardhi aliacha kuilipa kwanza kwa msimamo, kisha kwa kukosa, na nyumba yao ilikuwa imepangwa kupigwa mnada Septemba. Marnie alizaliwa katika nyumba ile. Hawakuwa na nyingine.

"Mimi nina ekari za kumuuzia mkulima," bibi akasema.

Walienda kuziona kesho yake, watatu. Majani yalikuwa ya kijani wakati mashamba mengine yote yamekauka, na matete yalisimama marefu kuliko mtu.

"Udongo mzuri," Dwight akasema, akipiga ardhi kwa kisigino chake kipya.

"Haujawahi kulalamika kiu," bibi akajibu.

"Na hizi nyasi ndefu?"

"Zinajiotea zenyewe. Hata mbegu hununui."

Mtu aliyewahi kushika jembe, hata kwa dakika tano, angeona matete yale akageuza gari. Dwight alimgeukia Marnie. "Eti binti, ni shamba zuri?"

"Korongo wanalipenda," Marnie akasema, na ilikuwa kweli.

Bei ya bibi haikuwa na aibu hata kidogo. Lakini Dwight aliwaza uzito wa debe, na majira ya baridi marefu ya michango yaliyokuwa mbele yake. Akaenda kwenye gari, akarudi na akiba yote aliyoichuma kwa ujanja katika miji mingine. Siku hiyohiyo wakaandikishana, na kabla ya chakula cha mchana Bibi Ardis alikuwa dirishani pa kaunti analipa kodi yake yote, kofia imeshushwa hadi puani ili asionekane na mtu wa chama.

Jumamosi Dwight alikabidhiwa ufunguo. Jumatatu akapelekwa mbele ya wajumbe wa kaunti, maana chama hakikuwa na mdomo mwingine kama ule. Hapo ndipo alipojiponza. Alikusudia kuongea vibaya kidogo, ili vita iendelee mpaka masika. Lakini alipoona ukumbi umejaa, tabia ilimshinda. Akaongea. Aliongea mpaka mjumbe mmoja akalia, na mpango ukatupwa palepale.

Walimbeba mabegani hadi mgahawani. Alicheka kama mtu mwenye jino bovu.

"Sasa," Orville akasema, akiligonga debe, "kazi imekwisha, na wakili hatukumhitaji. Fungua, ndugu Dwight. Kila mtu arudishiwe chake."

"Tusiharakishe, wazee. Huenda wakarudi na mpango mwingine. Mimi naweza kulitunza..."

"Wewe mwenyewe ulitufundisha." Orville akanyoosha kidole dirishani, kwenye ubao mwekundu. "Hapa hatutaki serikali nyingine, hata ikiwa na sura nzuri kama yako."

Wakacheka, wakapanga mstari. Kila mmoja alitaja alichotoa, na hakuna aliyedanganya hata senti; Dwight peke yake ndiye aliyelitambua jambo hilo kuwa balaa. Aligawa kwa mikono yake mwenyewe. Kila aliyepokea alimshika mkono akamshukuru. Mwishowe debe lilibaki na harufu ya maziwa.

Mvua za Oktoba zilipokuja, Dwight alirudi mgahawani. Hakujipangusa viatu, kwa kuwa havikuonekana. Tope lilikuwa limemfika magotini. Bili ya kodi ya ardhi ilichungulia mfukoni mwake.

"Bibi yako ameniuzia ziwa," akamwambia Marnie.

"Kahawa?"

"Nani atalinunua ziwa?"

Marnie akammiminia. "Kaunti," akasema. "Ilikuwa kwenye ule mpango, mwishoni kabisa. Kila kinamasi wangekinunua kwa bei nzuri, korongo wasifukuzwe."

Dwight aliweka kikombe chini taratibu. "Bibi yako alijua?"

"Alisema afadhali auze kwa mwizi kuliko kwa serikali."

Mgahawa ulikuwa mtupu. Nje, juu ya ubao mwekundu, korongo wawili walikuwa wakirudi kwenye ekari za Dwight Pomeroy. Marnie aliwafuata kwa macho hadi wakatua.

"Mimi niliusoma wote," akasema, kwa sauti ambayo hata yeye hakuitarajia. "Niliupenda ule mpango."