Mashine ya Profesa ya Kupimia Kirusi

Profesa hakuwa profesa wa kitu chochote. Jina hilo lilitokana na miwani yake, ambayo vioo vyake vilikuwa vya dirisha tu, na kile kitabia chake cha kusafisha koo kila alipotaka kusema uongo. Jumatatu hiyo alikuwa akipanda ngazi za jengo moja la mafundi, anakwenda kuchukua suruali yake ghorofa ya tatu, na njia nzima alisikia watu wakikohoa. Mmoja kwa mshona viatu, mmoja saluni, wawili kwa fundi simu. Mama mmoja mpiga chapa alipiga chafya tatu mfululizo, akajifuta pua kwa kiganja, kisha akashika chuma cha ngazi na kuendelea na safari yake. Mimi na wewe tungeziba pua tukaongeza mwendo. Profesa alipunguza mwendo, akawahesabu.

Tumhurumie kidogo kabla hatujamcheka, maana alikuwa na shida ya kweli. Miaka mitatu sasa alikuwa akilala kwenye kochi la dada yake. Dada ana mimba ya mapacha, sebule inatakiwa, na amesema bila kuuma maneno: Jumapili saa nne asubuhi begi la kaka litakuwa nje, kaka awe amepata pa kwenda au hajapata. Mtu mzima wa miaka arobaini na moja, hana hata kitasa cha kuita chake.

Na chini ya jengo lile, pembeni, kulikuwa na chumba kitupu. Kilikuwa na mlango wa chuma wa kukunja, na nyuma kijichumba chenye dirisha. Kinyozi aliyehama alikiacha kimepakwa rangi mpya. Profesa alikuwa amekichungulia chumba kile mara nyingi kuliko alivyowahi kumchungulia mchumba.

Tatizo lilikuwa mwenye jengo. Huyu aliitwa Mama Ngazi, kwa sababu alishinda kwenye kiti cha plastiki pale ngazi zinapokunja, na mpangaji hapiti bila salamu au kisingizio. Mjane wa watu, mpole wa uso, lakini hata nafasi ya chini ya ngazi alikuwa amewapangisha watu wawili, mmoja wa asubuhi na mmoja wa jioni, na wenyewe hawakuwa wamewahi kuonana. Mtu wa namna hiyo humpelekei maneno matupu. Unampelekea mashine.

Mashine ilipatikana kwa muuza vyuma chakavu. Ilikuwa kipimo cha presha cha zamani, kile cha mshale. Profesa alikitoa kitambaa cha kufunga mkononi, akaacha mpira unaning'inia, kisha akaupaka uso wa kipimo rangi za kucha za dada yake: kijani, njano, nyekundu. Ukipuliza kwenye mpira mshale unapanda. Ukipuliza kwa nguvu unapanda sana. Sayansi yenyewe iliishia hapo.

Jumanne akamwendea Mama Ngazi. Alimwamkia kwa adabu, akamwuliza habari za miguu, akamwombea marehemu, ndipo akasafisha koo.

"Mama yangu, jengo lako lina kirusi."

Mama Ngazi hakushtuka. "Kinalipa kodi?"

"Ndiyo ubaya wake. Kinakaa bure, halafu kinafukuza wanaolipa."

Hapo alikuwa ameshika penyewe. Akamweleza kwamba mashine hii inaona kirusi ndani ya pumzi. Mwenye kijani aende zake, mwenye nyekundu anywe dawa, na dawa iko, ya rangi ya majani, itauzwa na mwenye jengo mwenyewe. Majengo ya jirani nayo yataleta watu wao kupimwa hapa. Yeye Profesa hataki fedha, alisema mkono ukiwa kifuani. Anataka chumba cha pembeni tu, cha kuwekea vitabu vyake. Mashine kwa chumba. Mama Ngazi alimtazama kuanzia viatu mpaka miwani. Viatu vilitia shaka, lakini miwani ilishinda.

Hata hivyo hakuwa mtoto wa jana. Alitaka kwanza aone mashine ikiwapima wapangaji wote, na alitaka mapatano yapigwe chapa, yatiwe sahihi Ijumaa. Profesa akamsomea mpiga chapa masharti kwa sauti ya hakimu, akiyatunga palepale. Yeyote ambaye mshale wake utaingia kwenye nyekundu asitie sahihi karatasi yoyote, asitoke, afungiwe chumba kitupu siku saba na anywe dawa chupa tatu kwa siku. Sharti hilo aliliweka kwa ajili ya kunogesha tu, ili karatasi ionekane ina uzito.

Jumatano wapangaji thelathini na mmoja walijipanga kwenye ngazi. Profesa alishika kipimo, kila mtu akautia mpira mdomoni na kupuliza. Akimaliza mmoja, Profesa aliufuta mpira kwa leso yake, leso ile ile na pembe ile ile, kwa taadhima kubwa, kisha akampa anayefuata. Fundi simu alikoholea humo humo. Msusi wa saluni aliacha rangi ya mdomo. Wenye sura ya kushiba walinong'onezwa wapulize kwa nguvu zote, wenye sura ya njaa waliambiwa taratibu tu, kwa hiyo nyekundu iliangukia pale ilipopaswa na chupa za kijani zikaisha kabla ya adhuhuri. Mama Ngazi peke yake hakupuliza. Alisema mashine ni ya wapangaji.

Mwisho kabisa fundi cherehani, mtu wa maswali, akauliza mbona daktari mwenyewe hapimwi. Profesa akacheka, akautia mpira mdomoni, yeye wa thelathini na mbili, akapuliza kama anayepoza uji. Kijani. Watu wakampigia makofi.

Ijumaa aliamka kwenye kochi na magoti ambayo hayakuwa yake. Kichwa kilikuwa kinagonga, koo lilikuwa kana kwamba amemeza brashi ya chuma, na baridi ilimtambaa mgongoni ilhali jua lilikuwa linawaka. Lakini zilibaki siku mbili afukuzwe, na sahihi ilikuwa saa kumi. Akameza vidonge viwili vya maumivu vya shemeji, akavaa miwani, akaenda.

Jengo lilikuwa kimya. Cherehani zimenyamaza, redio ya saluni imezimwa. Kwenye ngazi wapangaji wote wameketi wamejifunika mashuka, macho mekundu, na kila mmoja ana kikohozi chake. Kando ya Mama Ngazi alisimama binti mmoja amevaa barakoa, mpwa wake, nesi wa hospitali. Karatasi ilikuwa mezani, kalamu juu yake.

"Karibu mwanangu," alisema Mama Ngazi kwa sauti tamu mno. "Kabla ya sahihi, puliza. Masharti yako mwenyewe yanasema mwenye nyekundu hatii sahihi."

Profesa hakuwa na wasiwasi. Siri ya mshale aliijua yeye. Akaweka midomo kwenye mpira, akatoa pumzi ya kichanga, mshale ukajinyanyua kidogo kwenye kijani na kutulia. Alikuwa anakaribia kuuachia. Ndipo kikohozi kikamjia, si cha kooni bali cha kutoka kwenye nyayo, na mshale ukaruka kijani, ukaruka njano, ukagonga mwisho wa nyekundu na kubaki pale pale ukitetemeka.

"Nyekundu," alisema mpiga chapa puani, na akaanza kumsomea masharti.

Ndivyo Profesa alivyoingia katika chumba cha pembeni. Dirisha lilikuwepo, rangi mpya ilikuwepo, mkeka pia aliwekewa. Ufunguo tu ndio ulibaki nje.

Chakula alipewa, tena kizuri. Lakini asubuhi, mchana na jioni mlango wa chuma ulinyanyuliwa kidogo, ikasukumwa chupa ya kijani, na Mama Ngazi akasimama kungoja arudishiwe tupu. Chupa ya pili ilikuwa na rangi ya mdomo shingoni. Profesa aliitazama muda mrefu. Zilikuwa chupa zake, zile zile Mama Ngazi alizowauzia wapangaji Jumatano, zimerudishwa. Kwa hiyo watu wamejua. Au labda hawajajua, wamemchangia kwa wema? Akipiga kelele kwamba dawa ni ya uongo, na kumbe hawajui, nje kuna watu thelathini na mmoja wenye homa na hasira. Akinyamaza, atakunywa. Alikuwa amekalia kuti kavu, hakuna ubishi. Akanywa.

Jumapili saa nne akasikia sauti ya dada yake nje, akiuliza kama kuna mtu anayemjua mwanamume mwenye miwani anayeshonewa suruali hapa. Mama Ngazi akamjibu kwamba kaka yake yuko chumbani kwake, chumba kizuri, kina dirisha. Dada akaja mpaka mlangoni, akaweka begi na mto chini, akasema kupitia kwenye chuma kwamba anaona fahari, na kwamba mapacha wakizaliwa atawaleta wamwone mjomba kwake. Profesa aliweka mkono kwenye mlango. Miaka yote dada hakuwahi kumwambia hivyo, na safari hii uongo wenyewe hakuusema yeye. Aliona aibu, aibu hasa, na akalia kidogo kwenye leso ambayo tunaijua.

Siku ya tano akapata nafuu, akaanza hata kufikiria biashara nyingine. Siku ya sita homa ikarudi na nyongeza. Kifua kilimchoma kila akivuta pumzi, kikohozi kilikuja na uchafu wa rangi ya kutu, na kucha zake zilianza kuwa na rangi asiyoipenda. Akawaza mapacha wasiomjua mjomba wao. Akagonga chuma kwa ngumi mbili.

"Mama, nakufa. Niitie daktari wa kweli."

"Mbona dawa yako unayo hapo?"

"Si dawa."

Akasikia kiti cha plastiki kikiburutwa karibu.

"Ni nini?"

"Maji ya bomba. Chumvi. Rangi ya keki."

"Chumvi kiasi gani?"

Alidhani anamsimanga. "Kijiko kimoja kwa ndoo," alisema akilia. "Na rangi matone matano."

Nje ya mlango kalamu ilikwaruza karatasi. Kisha mlango ukanyanyuliwa mpaka juu, na kumbe nesi alikuwa amekwisha itwa, amesimama pale na begi lake.

Alikuwa mtu wa haraka. Alimsikiliza kifua, akamchoma sindano, akampa vidonge vya siku saba. Akamwambia kwamba yeye ndiye aliyemfungua macho shangazi yake tangu Alhamisi, aliposikia habari za mpira mmoja midomo thelathini. Kabla ya mashine wagonjwa walikuwa watano. Profesa alikichukua kirusi mkononi, akakipitisha mdomo kwa mdomo, na yeye akawa kituo cha mwisho.

Profesa akauliza hiki kirusi chenyewe ni kitu gani hasa. Nesi akamweleza wakati anafunga begi lake. Ni kidogo kuliko udogo. Hakina mikono, hakina jiko, hakiwezi hata kuzaa peke yake. Kinabisha hodi kwenye seli ya mwili kikiwa na sura ya kitu kinachofahamika, kinafunguliwa. Kikishaingia kinatoa karatasi moja tu ya maagizo: tengenezeni wengine kama mimi. Seli inaamini, inaacha kazi zake zote, inatengeneza mpaka inakufa, na wale wapya wanatoka na kikohozi kwenda kwa jirani.

Profesa alikuwa amejiinua kwenye mto. "Bila mtaji?"

"Bila hata senti."

"Na kifua changu?"

"Kirusi kilivunja milango ya mapafu. Bakteria wakaikuta wazi, wakaingia nao. Hao ndio tunaowapiga kwa vidonge hivi. Kirusi chenyewe vidonge hivi hakivijui."

Profesa alilala chali akitazama dari. Maisha yake yote alikuwa akijiona bingwa, na kumbe kuna mwenzake asiye na mdomo anayewaingiza mjini mamilioni kila siku. Alisikia heshima, na alisikia uchovu pia.

Baada ya majuma mawili alikuwa amepona, amekonda, suruali ile ya fundi cherehani inamzunguka. Mama Ngazi alimwachia chumba. Karatasi haikuwepo, ila kila asubuhi Profesa aoshe ngazi na vyuma vyake kwa sabuni, na asitamke neno mashine, maana mashine ameitupa. Miwani nayo aliichukua, eti kumbukumbu. Profesa alikubali. Aliosha ngazi, akalala penye mlango wake, na dada akaleta salamu. Karibu aanze kuyapenda maisha ya haki.

Alhamisi moja akaingia bwana mmoja mwenye viatu vya bei na tumbo la kutosha, anapenga. Akasimama mbele ya ndoo.

"Samahani ndugu. Nimeambiwa hapa kuna mashine ya kupima kirusi."

Profesa alimtazama viatu. Akatazama mfuko wa shati. Kisha akakumbuka kile kifua, akasema hakuna mashine duniani ya kupuliza namna hiyo, mzee arudi nyumbani, anywe maji, apumzike, afunike mdomo akikohoa. Alisema yote hayo bila kusafisha koo.

"Ipo, baba," ilisema sauti tamu kutoka juu. "Panda tu, usimsikilize mwosha ngazi."

Profesa alipanda nyuma ya yule bwana, kitambaa mkononi kikidondosha maji. Chumba cha Mama Ngazi kilikuwa wazi. Watu wanne walikuwa kwenye benchi, wageni watupu, hakuna mpangaji hata mmoja. Mama Ngazi alikuwa amevaa koti jeupe na miwani ya vioo vya dirisha. Mezani palikuwa na kipimo kile cha rangi tatu, chupa za kijani, na boksi zima la mirija ya kunywea soda. Kila aliyeitwa alifunguliwa mrija wake mpya, ukachomekwa kwenye mpira, akapuliza, na mrija ukatupwa kwenye ndoo yenye mfuniko.

Profesa aliegemea mlango. Mrija. Kitu cha bei ya bure kabisa, na hakuna ambaye angeugua, na yeye angekuwa bado anaitwa daktari.

Mama Ngazi akainua macho juu ya miwani, akamsukumia ndoo tupu kwa mguu.

"Profesa, dawa imekwisha," alisema. "Kachote nyingine. Na usizidishe chumvi, wateja wameanza kulalamika."