Plasta Kwenye Kona ya Runinga

Jumatatu, 12 Mei

Leo nimeaibika, lakini si kosa langu. Naandika ukweli wote kwenye daftari hili kwa sababu humu hakuna wa kunibishia.

Paskalina, mtoto wa dada yangu Fransiska, anacheza mpira wa kikapu chuoni Dodoma. Anamaliza mwaka huu. Dada hajawahi kumwona akicheza hata mara moja. Mimi ndiye niliyemwombea ruhusa, dada alipokuwa akigomba kuhusu kaptula. Nikasema mwache acheze, nitahakikisha unamwona kwa macho yako. Miaka mitatu sasa. Dada ana ubaya mmoja: hasahau.

Chuo kinarusha mechi mtandaoni. Leo ilikuwa nusu fainali. Nikaunganisha simu na runinga yangu ya sola, pale bandani ninapochajia watu simu. Bando la saa moja. Nikajiunga nalo watu wa kwanza walipoingia, ili wakute picha inawaka. Ndipo wakaanza kusalimiana. Shikamoo kwa mzee Basili, katekista wetu. Shikamoo kwa kila aliyemzidi mwenzake hata kwa mwezi mmoja. Habari za ng'ombe. Habari za mvua. Habari za mgonjwa wa kijiji cha Dirma, ambaye alipona tangu Krismasi. Kisha sala ya kufungua. Ilipofika amina akaingia bibi Marieta, ikabidi irudiwe kwa sababu yeye hakuwepo. Walipogeukia runinga, bando lilikuwa limebaki dakika mbili. Tuliona viatu vya Paskalina. Picha ikaganda hapo hapo, kwenye viatu.

Dada alivitazama muda mrefu. Akasema ni viatu vizuri. Afadhali angenitukana.

Jioni Paskalina amepiga simu. Wameshinda. Fainali ni Jumamosi saa kumi, na ndiyo mechi yake ya mwisho.

Jumanne, 13 Mei

Gidamis amepata mtandao wa uhakika, si kama wa bandani kwangu unaokuja na kukatika. Gidamis! Jirani asiyeweza hata kufunga zizi lake likafungika. Anasema ukipanda juu ya ukuta wa josho, pale tunapoogeshea ng'ombe dawa, ukainyoosha simu juu kwa mkono, inashika vizuri kabisa. Ametangaza kwamba Jumamosi watu wote waende joshoni.

Nimemwambia dada mtu wa heshima haangalii fainali kwenye harufu ya dawa ya kupe. Amejibu kwamba ameishi na kupe miaka hamsini.

Alhamisi, 15 Mei

Wazo limenijia nikiwa nakamua. Kwa nini nihangaike na mtandao siku ya mechi? Nimechukua bodaboda hadi Dongobesh, nimekaa mbele ya duka la Muksini ambako mtandao upo wa kumwaga, nimepakua fainali ya mwaka jana. Paskalina ni yuleyule. Jezi ileile ya bluu. Na walishinda. Dada atajuaje?

Muksini ameuliza kwa nini Jumamosi nisimlete tu dada pale dukani, akae kwenye kiti, aangalie mechi yenyewe. Wafanyabiashara hawana upeo.

Kasoro ni moja. Kwenye kona ya picha kuna tarehe ya mwaka jana. Nimenunua plasta ya kidonda.

Jumamosi, 17 Mei

Tangu jana nilitangaza kwamba fainali imewahishwa, itaanza saa nane, bandani kwangu. Watu wakajaa. Safari hii niliwaacha wasalimiane mpaka wachoke. Nikaomba sala ya pili mimi mwenyewe. Mzee Basili akauliza plasta ni ya nini. Nikasema runinga iliumia. Akaipa pole.

Mechi ikaanza. Paskalina huyo, mrefu kama mjomba wake. Dada akasimama. Kila mpira ulipoingia kikapuni alipiga vigelegele huku machozi yakimtoka, anasema kumbe hiki ndicho alichokuwa akimkataza mwanawe. Nilijiona mtu mwema. Kidogo na mimi nilie.

Robo ya tatu, Paskalina amesimama kwenye mstari, anadundadunda mpira atupe mtupo huru. Simu ya dada ikaita. Akapokea bila kutoa macho kwenye runinga, na yeye huwa anaweka spika siku zote. Sauti ikasema shikamoo mama, ni mimi Paskalina, ndiyo tunavaa viatu, mechi ni saa kumi, utuombee.

Dada akajibu marhaba. Akamtazama Paskalina wa kwenye runinga. Akaitazama simu. Akaniuliza kwa upole, huyu anayeongea ni nani. Nikasema mtandao wa siku hizi una mambo. Bibi Marieta akainuka, akabandua plasta.

Hakuna aliyenipiga. Walitoka mmoja mmoja kuelekea joshoni, na dada akanishika mkono kama mtuhumiwa. Kufika, akasema mimi ndiye mrefu kuliko wote, basi nipande ukutani niishike simu ya Gidamis.

Nimesimama pale tangu saa kumi hadi karibu saa kumi na mbili. Mkono juu, kioo kimewaelekea wao. Nikishusha kidogo picha inaganda, wananikemea wote, hata katekista. Mechi sikuiona kabisa. Nilichokiona ni uso wa dada. Aliuma ncha ya kitenge mwanzo hadi mwisho. Kina Paskalina wamefungwa kwa pointi mbili, na bado alipiga vigelegele mpaka ng'ombe wa Gidamis wakatoka zizini. Sijawahi kumwona dada vile tangu tuko wadogo.

Jumapili, 18 Mei

Mkono hauinuki. Naandika kwa wa kushoto. Dada amekuja kunikanda kwa maji ya moto. Mwisho amesema amenisamehe, ila kwenye mahafali ya Paskalina atapanda basi kwenda Dodoma mwenyewe, maana runinga yangu haiamini tena.

Sawa. Na sisi tutakaobaki huku? Mahafali nayo yatarushwa mtandaoni. Nimekaa nimetafakari, na kosa langu nimeliona. Lilikuwa moja tu: simu za watu. Safari hii nitazikusanya zote mlangoni kabla ya salamu. Mahafali ya mwaka jana bado yapo mtandaoni, na majoho yote yanafanana. Alhamisi nakwenda Dongobesh. Plasta zimebaki tele.