Mhandisi wa Vitasa Arobaini

Nakutega, nawe tegeka: ninaye bawabu halali, hali, hapokei rushwa, lakini hajui kama leo ni Jumatatu au ni mwaka kesho. Ni nani? Usikimbilie kunipa mji, mji wako baki nao, mimi sina pa kuuweka. Jibu utalikuta njiani, kama alivyolikuta mtu mmoja aliyeitwa Mhandisi, naye alilikuta kwa paji la uso.

Aliitwa Mhandisi kwa sababu alijiita hivyo mpaka watu wakachoka kubisha. Chuo cha ufundi alikijua vizuri sana, hasa lango lake. Aliuza maji ya chupa pale miaka miwili, na elimu, si unajua, huvuja. Alivaa shati jeupe lenye kalamu nne mfukoni, moja ikiandika, na shingoni alining'iniza kitambulisho alichojichapishia kwenye duka la fotokopi, akajipandisha na cheo papo hapo.

Siku riziki ilipomwita, alikuwa kwa muuza vyuma chakavu akitafuta feni. Katikati ya pasi mbovu akaona kitasa cha umeme, vile vya kugusisha kadi.

"Hiki kimetoka wapi?"

"Jengo la ghorofa nne, pale kwenye kona. Mlango ulioza, wakautupa na kitasa chake. Chukua tu, kaka, hata mizani inakidharau."

Akakipeleka nyumbani, akakifungua kwa kisu cha mkate, akaunganisha nyaya tatu kwenye kompyuta yake iliyopasuka kioo. Sasa sikiliza. Ndani ya kitasa cha namna hiyo kuna chipu ndogo kama punje ya dengu, na ndani ya chipu kuna namba ndefu ya siri. Kadi inayoijua namba hiyo inafunguliwa mlango. Isiyoijua inawashiwa taa nyekundu, nenda ukalale kwa shangazi yako. Ungedhani siri kubwa kama hiyo imefungiwa chumba cha ndani kabisa. Wapi! Ilikuwa imekaa wazi kama sufuria isiyo na mfuniko. Mhandisi akainakili kwenye kikaratasi, akakikunja, akakitia kwenye soksi ya kushoto.

Kesho yake akaingia jengo lile na kadi aliyoiandika kwa siri hiyo. Akagusa mlango wa kwanza: kijani. Wa pili: kijani. Mlango wa choo: kijani. Vitasa arobaini, siri moja! Kiwanda kilivizaa vyote na kuvipa jina moja, kama mzazi aliyechoka.

Mwizi wa kawaida angeiba siku ile ile. Lakini Mhandisi alikuwa mtu wa staha. Aliona haya kuiba mahali ambapo hajalipwa kwanza. Akapanda mpaka ghorofa ya nne kwa mwenye jengo, ambaye wapangaji walimwita Tajiri, wengine kwa heshima.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Kama unauza dawa ya mende, nimeshanunua."

"Siuzi kitu. Nimekuja kukupa pole."

Tajiri akaacha kuzunguka na kiti chake. "Nani amekufa?"

"Bado. Ila siri za vitasa vyako ziko mahututi." Mhandisi akavuta kiti bila kukaribishwa. "Ufunguo wa siri, Mzee, ni kama maziwa. Una siku ya kuzaliwa na siku ya kufa. Hauachwi wazi kwenye chipu. Hauandikwi kwenye karatasi hata siku moja. Kila mlango uwe na wake. Na kitasa kikitupwa, siri yake inafutwa kwanza. Wewe hujawahi kutupa kitasa, au sivyo?"

Tajiri akanyoosha kidole kimoja. "Kimoja tu."

"Basi mimi nanyamaza," akasema Mhandisi, akaendelea kusema nusu saa nzima.

Na hapa ndipo ninapogombana naye: kila neno alilosema lilikuwa kweli. Kuna waongo wanaokudanganya kwa uongo, hao ni wanafunzi. Huyu alidanganya kwa ukweli mtupu.

Wakakubaliana. Kila kitasa kitapewa siri mpya, na kadi ya kila mpangaji itaishi siku thelathini. Siku ya thelathini na moja inakufa, na mwenyewe atalipa ili ifufuliwe.

"Watakaolipa ni wapangaji?" Tajiri akauliza, uso umeanza kupata nuru.

"Kwani wanaolindwa ni nani?"

"Kweli kabisa. Usalama ni wao." Kisha akainama, akashusha sauti. "Halafu mimi nipate kadi moja ya kufungua kila mlango. Si kwa ubaya. Ni upendo tu, nipite nione kama wako salama. Wasijue."

"Upendo wa namna hiyo, Mzee, hautangazwi."

Akamwandikia kadi ya kila mlango. Akajiandikia na yeye ya kwake, maana upendo usiwe wa mtu mmoja. Ila hiyo ya kwake hakuipa siku thelathini. Aliipa umri wa kufika mpaka uzee wa wajukuu zake. Siri zote mpya akaziandika kwenye kikaratasi kipya, kikaenda soksi ya kulia.

Chini ya ngazi za jengo lile alikaa mwanamke mmoja fundi wa saa, mjane, miwani yenye kioo kinene jicho moja. Kila mtu alimwita Mama Saa. Mkabala na meza yake kulikuwa na ghala lisilo na dirisha, na pembeni chumba cha mafundi cherehani saba. Mhandisi alipofika kwenye kitasa cha ghala, akahitaji betri ndogo ya saa ya mkono, akainunua hapo kwa Mama Saa.

"Ya nini, mwanangu? Umeme si unakuja kwa waya?"

"Umeme ni wa kuvuta komeo, Mama. Hii ni ya kukumbuka tarehe. Lazima kitasa kijue kadi imeshakufa au bado."

Mama Saa akavua miwani. "Na kitasa kinajuaje leo ni tarehe ngapi?"

Mhandisi akakohoa. Swali hilo halikuwemo langoni mwa chuo. "Hayo ni mambo ya kitaalamu, Mama. Ukielezwa utaumwa kichwa."

"Mimi kichwa kiliumwa nikazoea. Nakusikiliza."

"Siku nyingine," akasema, akaondoka na bisibisi yake.

Mwezi ukaisha. Asubuhi moja Mama Saa akagusisha kadi yake mlango wa chumba chake huko juu: nyekundu. Kadi imefariki usiku, haikuacha hata wosia. Fundi wa kuifufua yuko mmoja tu, naye simu haishiki. Mwanamke aliyefungua saa elfu moja haogopi kifuniko chenye skrubu mbili, na kiwanda, kwa hekima yake, kilikiweka kifuniko hicho upande wa nje. Akakifungua. Ndani akakuta kioo kidogo kinachoonyesha tarehe, na betri kama ile aliyomuuzia Mhandisi. Akaichomoa, akairudisha. Tarehe ikaruka kinyumenyume mpaka miaka minane iliyopita, siku kitasa kilipozaliwa kiwandani. Akagusisha kadi tena. Nyekundu. Mwanzo ilikataliwa kwa kuwa imekufa. Sasa inakataliwa kwa kuwa bado haijazaliwa.

"Ahaa," akasema Mama Saa, akarudisha kifuniko.

Mhandisi alipokuja na kompyuta yake, akaona tarehe ya ajabu, akaguna. "Kitasa kimechanganyikiwa." Akaandika tarehe ya leo, kitasa kikaipokea bila hata kuuliza jina lake. Mama Saa alikuwa amesimama nyuma yake.

"Kumbe. Na kinajuaje kwamba hiyo ndiyo tarehe ya leo?"

"Mama, wewe maswali yako yangekuwa hela ungekuwa na jengo lako."

Wiki ile ile akaanza kuwashauri mafundi cherehani. Jumapili jengo linakuwa tupu, akasema, na chumba chao kina mlango mwepesi. Kwa nini vyerehani wasivilaze ghalani, nyuma ya kitasa kikubwa kuliko vyote? Aliyekuwa mkubwa wao, dada mmoja mrefu asiyepungukiwa na pini mdomoni, akamshukuru sana. Vyerehani saba vya umeme vikaingia ghalani, riziki ya nyumba saba. Mama Saa naye akaweka humo sanduku lake la saa za wateja. Halafu akamwuliza yule dada mrefu, "Huyu kaka, amekuuliza mara ngapi kama Jumapili kuna mtu?"

Dada akahesabu kwa pini. "Tatu. Ana huruma, eti?"

"Huruma tele. Jumapili simu yako usiizime."

Jumapili saa nane mchana, jua kali, ngazi kimya. Mhandisi akaleta pikapu ya kukodi mpaka mlango wa nyuma, dereva ndani akichokonoa meno. Chini ya ngazi, meza ya Mama Saa imefunikwa kitambaa mpaka chini. Akatabasamu. Akagusisha kadi yake ya uzeeni: kijani. Akaingia, mlango ukajifunga nyuma yake kwa springi. Angeweza kuuzuia kwa tofali, lakini mlango ukiachwa wazi kitasa kinapiga yowe la jengo zima; alikipachika yowe hilo mwenyewe, akalitoza malipo ya ziada. Haikumpa shida. Upande wa ndani nako kuna pa kugusisha kadi.

Akalikwapua sanduku la saa, akaliweka begani, akabeba cherehani cha kwanza kwapani, akagusisha kadi akiwa ameshaanza kutembea.

Nyekundu. Mlango ukampokea kwa paji la uso.

Akagusisha tena. Nyekundu. Akaifuta kadi kwenye shati. Nyekundu. Akaibusu. Nyekundu.

"Hodi," ikasema sauti nje. Ilikuwa ya mtu anayemalizia kunywa chai.

Mhandisi akashusha sanduku polepole. "Mama Saa? Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Uko kwenye matengenezo?"

"Eeh! Kazi ya dharura. Kitasa kimegoma."

"Hakijagoma. Nilikuwa chini ya meza yangu; ulipoingia nikafungua kifuniko, na betri yake ninayo hapa kiganjani. Kwake leo ni miaka minane iliyopita, na kadi yako bado haijazaliwa. Ivumilie tu."

Nje, dereva wa pikapu alisikia mazungumzo hayo, akakumbuka ghafla kwamba ana mtoto wa kumpeleka mahali. Injini ikanguruma, ikapotea. Badala yake zikaja kandambili, jozi saba, na dada mrefu akiwa mbele. Mwisho akateremka Tajiri na pajama, akihema.

"Kuna nini? Nani yuko kwenye ghala langu?"

"Usalama," akasema dada mrefu. "Tulioulipia."

"Mama, nisamehe," Mhandisi akalia mlangoni. "Nifungulie kabla wengine hawajafika."

"Wameshafika. Kwanza pitisha chini ya mlango siri zetu zote. Najua ziko karatasini; Tajiri alitusimulia ulivyokataza karatasi, na mtu anayekataza sana jambo ndiye mwenye nalo."

Ikasikika sauti ya kiatu kikivuliwa. Kikaratasi kikatokeza chini ya mlango, chenye joto na harufu yake.

"Na kingine."

Kikatokeza cha soksi ya kushoto. Baada yake ikaja kadi.

"Kadi zote za kila mlango ni hii tu?"

"Yangu ni hiyo tu! Nyingine anayo Tajiri! Ya upendo!"

Mafundi cherehani saba wakageuka kwa pamoja, taratibu, kama feni. Tajiri akaanza kueleza jambo kuhusu moto na bima. Dada mrefu akanyoosha mkono bila kusema, na kwa kuwa mdomoni alikuwa na pini, Tajiri akatoa kadi kwenye mfuko wa pajama.

"Mnaona namna nilivyodanganywa?" akasema kwa uchungu. "Mtu wa watu, msomi, ana kitambulisho!"

Mama Saa akavirarua vikaratasi vidogo vidogo, akavizamisha kwenye masalia ya chai yake, akakoroga. Akavuta kigoda chake mpaka mlangoni, akakaa.

"Mwanangu."

"Naam, Mama."

"Betri nitairudisha, na hawa dada zako watakupokea, sitawazuia. Lakini kuna swali nilikuuliza siku ya kwanza, ukaniambia litaniuma kichwa. Nikakuuliza tena, ukaniambia hela. Sasa una nafasi, huna pa kukimbilia. Kitasa kinajuaje leo ni tarehe ngapi?"

Wakamsikia akikaa chini, mgongo ukiteleza kwenye mlango.

"Hakijui, Mama," akasema Mhandisi. "Kinaamini chochote kinachoambiwa na mtu mwenye bisibisi."