Kompaila Yangu Inakataa Bila Kusema Inataka Nini

Leo nimeumbuka. Gharama: lita sita za petroli (nimehesabu mara mbili, ni sita), wakati huu wa vita ambapo barabara ya Nimule, inayotuletea mafuta kutoka mpakani, imefungwa na petroli inatafutwa kama dawa.

Kamati ya maji ya mtaa wetu wa Gurei ilinipa kazi ya kuandika programu ya kuendesha pampu ya kisima. Kompaila, ile inayogeuza maandishi yangu kuwa lugha ya mashine, niliiunda mwenyewe nikiwa Kampala. Hata maneno inayotoa nikikosea niliyatunga mimi. Nami biashara nimejifunzia soko la Konyo Konyo, ambako mjanja hataji anachotaka. Anakataa, ananyamaza, anangoja uongeze.

Asubuhi akina mama wamepanga madumu arobaini na moja. Jenereta ikawashwa. Katikati ya programu nilikuwa nimechomeka mstari mmoja wa lugha ya mashine yenyewe. Unahitaji vitu viwili tu: mahali pa kuweka namba, na namba yenyewe, yaani sekunde za kupampu. Kompaila ikajibu:

"Hapana. Leta kingine."

Nikabadilisha mahali. Hapana. Nikabadilisha tena. Mara kumi na nne! Jenereta inanguruma, inakunywa tu.

Mama Keji, mwenyekiti wa kamati, muuza samaki wakavu, akainamia skrini. Akauliza ni nani huyo ananikatalia. Nikamwambia ni mashine.

"Anakataa kipi, cha kwanza au cha pili?"

"Hajasema, mama."

"Nani alimfundisha kujibu watu hivi?"

(Hapa ningeweza kudanganya. Lakini foleni nzima ilikuwa inasikiliza.)

"Mimi."

Akanitazama kwa huruma, na hiyo ndiyo iliyoniuma. "Ya weledi, mwanangu, mimi nikimjibu mteja hivyo, jioni nalala na samaki wangu."

Nikaifungua kompaila, nikayaandika upya maneno yale huku jasho linanitoka. Safari hii ikasema: "Kitu cha pili: 300 ni kubwa mno. Mwisho ni 255."

Cha pili! Na mimi asubuhi nzima nabembeleza cha kwanza. Nikaweka 250. Ikakubali. Nikainua mkono kama waziri, wafungulie pampu.

Jenereta ikakohoa mara mbili, ikazima. Tangi lake la petroli kavu.

Madumu arobaini na moja yameondoka matupu kwenda kungoja lori la maji. La arobaini na mbili, dogo la petroli la lita sita, Mama Keji amenikabidhi mimi. Kesho nirudi nalo limejaa.

Sasa, mwenye lita sita aniuzie. Ila tafadhali, taja bei yako mwanzoni kabisa. "Hapana" za leo zimenitosha.